Ukubwa Uleule: Uhakiki wa Istilahi za Kutengenezea Redio ya Gari

Kijitabu tunachokihakiki hapa kilitufikia pamoja na kipande cha waya. Waya huo, wenye urefu wa shubiri mbili hivi, ulikuwa umeyeyuka ganda lake lote, na shaba iliyokuwa ndani imegeuka kuwa nyeusi. Aliyetuletea vitu hivyo viwili ni fundi umeme wa magari, mtu wa makamo, ambaye aliviweka mezani kwa pamoja kisha akauliza swali moja: "Ndugu zangu wa lugha, hebu nifahamisheni, ukubwa wa fyuzi ni kitu gani?"

Tulipomwomba atusimulie kisa, alisema hivi. Pikapu ya kikundi cha wakulima wa mboga ililetwa kwake kwa sababu redio yake ilikuwa imenyamaza. Yeye mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Alikuwapo mwanagenzi wake, kijana aliyemaliza shule na ajuaye kusoma vizuri. Kijana alichukua kijitabu akakifuata hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa. Katika ukurasa wa tano alikuta sentensi hii: "Ikiwa fyuzi imeungua, weka nyingine ya ukubwa uleule." Fyuzi iliyoungua ilikuwa nyekundu, ya ampea 10. Kijana alitafuta katika kopo la fyuzi, akapata ya kijani, ya ampea 30, akailinganisha na ile iliyoungua: urefu sawa, upana sawa, miguu sawa. Akaipachika, na redio ikaimba. Jioni ile, gari likiwa njiani na shehena ya nyanya, moshi ulianza kutoka nyuma ya dashibodi. Dereva aliwahi kusimama na kuufungua waya wa betri, wala hakuna aliyeumia. Lakini gari lilikaa gereji siku tisa, na nyanya za safari ile ziliuzwa kwa hasara.

Tumelieleza jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba uhakiki huu ni wa kupekua makosa ya herufi. Kijana yule hakukosea kusoma. Alikitii Kiswahili alichoandikiwa. Kosa limo katika istilahi, na istilahi ni dhamana yetu sisi tunaoandika na kusoma kurasa hizi.

Kijitabu kwa jumla

Kijitabu kina kurasa kumi na nne, na ni tafsiri kutoka Kiingereza. Jina la mfasiri halikuandikwa, nasi hatukulitafuta. Tunahakiki maneno, si mtu. Shabaha yake ni kumwongoza fundi au dereva kutafuta ubovu wa redio ambayo gari lilikuja nayo, kabla ya kuamua kuing'oa na kununua nyingine.

Yapasa kwanza kukipa haki yake. Mpangilio wake ni mzuri: huanza na mambo rahisi yasiyohitaji bisibisi, kisha huendelea hadi yale yanayolazimu kuitoa redio katika tundu lake. Sentensi zake ni fupi. Haukwepi umoja na wingi wala haupotezi upatanisho, kama tuonavyo katika tafsiri nyingi za haraka. Zaidi ya yote, mfasiri alithubutu. Ni wengi wanaosema kwamba ufundi wa umeme hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili, yeye aliandika. Kwa hiyo lawama zetu zisichukuliwe kuwa hoja ya kurudi kwenye Kiingereza. Kijana yule angesoma Kiingereza asichokielewa, madhara huenda yangekuwa makubwa zaidi.

Pamoja na hayo, mfasiri ana desturi moja iliyomponza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: huchukua neno moja pana la Kiswahili na kulitwisha mizigo miwili, mitatu, hata mitano. Katika hadithi au katika shairi, neno lenye maana nyingi ni utajiri. Katika maelekezo ya ufundi, neno la namna hiyo ni njia panda isiyo na kibao. Hebu tuyatazame maneno hayo moja moja.

"Redio ya kiwanda"

Jina la kijitabu lenyewe linataja "redio ya kiwanda". Tuliwasomea watu watatu jina hilo bila kuwaonesha picha iliyo jaladani. Wawili walisema ni redio inayotumiwa kiwandani, ya kuwaburudisha au kuwatangazia wafanyakazi. Wa tatu alidhani ni redio iliyotengenezwa katika kiwanda cha hapa nchini. Hakuna aliyeifikiria redio ambayo gari lilitoka nayo lilikoundwa.

Kosa ni la kufuata umbo la lugha nyingine. Kiingereza hukitaja kiwanda ili kutofautisha redio iliyofungwa na mwunda gari na ile iliyofungwa baadaye na mwenye gari. Kiswahili hakikuhitaji kukitaja kiwanda. Mafundi wetu husema "redio iliyokuja na gari", au kwa ufupi "redio ya orijino". Sisi twapendekeza "redio asilia", kwa kuwa tayari tunasema rangi asilia ya gari na injini asilia ya gari, na kila mtu huelewa.

Tofauti hii si ya mapambo. Redio asilia nyingi zimefungamanishwa na mambo mengine ya gari: saa, taa za dashibodi, hata kufuli la namba ya siri ambalo huifunga redio mara betri inapotolewa. Redio iliyofungwa dukani kwa kawaida ina fyuzi yake mgongoni na nyaya za rangi zinazofanana kutoka aina moja hadi nyingine: njano, nyekundu, nyeusi. Redio asilia hufuata rangi za mwunda gari, na rangi hizo hubadilika kutoka gari hadi gari. Fundi asiyejua ni redio ipi inayozungumzwa atazisadiki rangi zisizostahili kusadikiwa.

"Haifanyi kazi"

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu nayo yana majina, na mkulima hayaiti yote kwa jina moja. Katika sehemu ya pili ya kijitabu, iitwayo "Dalili", tulihesabu mara kumi na moja maneno "redio haifanyi kazi". Tulipoyalinganisha na maelezo yaliyofuata, tuligundua kwamba maneno hayo yanasimamia hali zisizopungua tano.

Hali ya kwanza ni redio isiyo na uhai kabisa: haiwaki taa, haioneshi saa, haitoi sauti. Hapa fundi hutafuta umeme unaoingia. Hali ya pili ni redio inayowaka, namba zake zaonekana, lakini haitoi sauti. Hapa umeme upo. Ubovu u katika spika, nyaya za spika au kikuza sauti. Hali ya tatu ni redio inayoimba vizuri, lakini kila ufunguo unapozimwa husahau saa na stesheni zote zilizowekwa. Hali ya nne ni redio iliyojifunga na kudai namba ya siri baada ya betri kubadilishwa; hiyo si mbovu hata kidogo. Hali ya tano ni redio inayosikika upande mmoja tu.

Mtu anayeziita hali zote tano "haifanyi kazi" amemrudisha fundi gizani. Naye fundi, akiwa gizani, hufanya lile analoliweza: huing'oa redio. Tumeambiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwamba si mara chache redio nzima hutupwa kwa sababu ya fyuzi au ya plagi iliyolegea. Ajabu ni kwamba lugha ya gereji inazo tofauti hizi zote. Mafundi husema redio "imekufa", "imekuwa bubu", "inasahau", "imejifunga", "inaimba upande mmoja". Hayo si maneno ya mzaha. Kila moja laelekeza mkono mahali pake. Mfasiri aliyaacha, bila shaka kwa kuyaona ni ya mitaani, akachagua usemi ulio safi usiosema kitu.

"Kelele"

Umaskini huu wazidi kuonekana katika sehemu ya sauti. Kijitabu chasema: "Kama kuna kelele, kagua nyaya." Kelele gani, na nyaya zipi?

Mlio mwembamba kama mbinja, unaopanda injini inapoongezwa mafuta na kushuka inapopunguzwa, mara nyingi hutokana na oltaneta, na huingia katika redio kupitia kiungo kibaya baina ya redio na bodi ya gari. Mtatariko unaosikika gari linapoingia kwenye mashimo, kisha ukakoma barabara inapokuwa laini, ni ishara ya waya au plagi iliyolegea. Mchirizo wa mfululizo kama wa mvua kwenye bati, unaofunika stesheni zilizo mbali, hasa huelekeza kwenye antena: plagi yake haikuingia barabara, au shina lake limeshika kutu. Mkwaruzo unaosikika sauti inapoongezwa tu, mara nyingi upande mmoja, ni wa karatasi ya spika iliyochanika.

Mbinja, mtatariko, mchirizo, mkwaruzo: maneno manne, sababu nne, tiba nne. Kiswahili ni lugha tajiri mno katika majina ya sauti. Tuna kuvuma, kuunguruma, kukoroma, kutatarika, kuchakacha, kukwaruza, kupiga mbinja, na mengineyo ambayo lugha nyingi zingeyatamani. Haya ni mali iliyorithiwa na kila mzungumzaji, wala hayahitaji kamati ya kuyabuni. Kuyakusanya yote na kuyaita "kelele" ni sawa na daktari kuyaita magonjwa yote "maumivu".

"Waya wa umeme"

Redio ya gari hupokea umeme kwa njia mbili. Njia ya kwanza haikatiki hata ufunguo ukitolewa. Kazi yake ni kulinda kumbukumbu ya saa na stesheni. Njia ya pili hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Kazi yake ni kuiamrisha redio iamke. Aghalabu kila njia ina fyuzi yake. Kwa hiyo redio inayosahau imepotewa na njia ya kwanza, na redio inayoikumbuka saa lakini haiwaki huenda imepotewa na njia ya pili.

Katika kijitabu njia zote mbili zimeitwa "waya wa umeme". Matokeo yake ni kwamba sentensi moja ya ukurasa wa saba yamwambia msomaji ahakikishe kwamba waya wa umeme una umeme wakati wote, na sentensi nyingine ya ukurasa uleule yasema waya wa umeme usiwe na umeme ufunguo unapotolewa. Zote mbili ni kweli, ila kila moja yazungumzia waya wake. Sisi twapendekeza "waya wa daima" na "waya wa ufunguo". Majina haya ni mepesi na yanaeleza kazi. Vilevile, mtoto wa shule anaweza kuyakisia maana kabla hajafundishwa.

"Ukubwa" wa fyuzi

Sasa tumefika penye waya ulioungua. Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa kwa makusudi. Umeme ukizidi kipimo fulani, uzi ulio ndani yake huyeyuka na kuikata njia kabla waya wenyewe haujapata moto. Kinyume cha wadhanivyo wengi, kwanza huulinda waya, kisha redio. Ndiyo maana namba ya fyuzi huchaguliwa kwa kutazama unene wa waya.

Katika mfumo mmoja wa fyuzi za kioo uliotumika kwa miaka mingi katika magari ya Marekani, fyuzi zilifanywa makusudi ziwe na urefu tofauti kulingana na ampea zake: ya 30 ilikuwa ndefu kuliko ya 20, na ya 20 ndefu kuliko ya 14. Kwa fyuzi hizo, mtu angesema "ukubwa uleule" asikosee sana, maana isiyo yake isingekaa mahali pake. Lakini fyuzi za plastiki zenye miguu miwili bapa, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1970 na ambazo leo zimejaa katika magari yetu, zina sifa nyingine. Katika aina moja, umbo la ampea 10 na umbo la ampea 30 ni lilelile. Hutofautishwa kwa namba iliyochapwa kichwani na kwa rangi: 10 ni nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 30 kijani. Hapo "ukubwa uleule" ni maelekezo ya kuchoma gari.

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alipoifungua dashibodi alikuta kwamba waya wa redio ulikuwa umepita juu ya ukingo wa chuma, ukasuguliwa hadi ganda likatoboka. Gari likisimama, shaba haikugusa chuma, likitikisika, iligusa. Fyuzi ya ampea 10 ilikuwa imeungua kwa sababu hiyo, yaani ilitimiza wajibu wake. Kama kijana angeweka nyingine ya 10, ingeungua tena njiani, na kuungua kwake kungekuwa habari: kuna mahali waya unagusa chuma. Ile ya 30 ilistahimili, na badala yake ukaungua waya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na hapa aliyefichwa ufa ni yule aliyetumwa kuutafuta.

Hatudai kwamba Kiingereza hakina kosa hili. Mafundi wa lugha hiyo nao huutaja ukubwa wanapokusudia ampea. Hiyo ndiyo sababu ya kutofasiri neno kwa neno. Mfasiri wa ufundi yampasa aulize kitu chenyewe ni nini, kisha akipe jina. Wapo wanaopendekeza "uwezo wa fyuzi". Hatuliungi mkono, maana katika Kiswahili uwezo mkubwa ni jambo la kutamaniwa, na mtu akiambiwa achague baina ya fyuzi yenye uwezo mdogo na yenye uwezo mkubwa, hatasita. "Kiwango" nalo limekwisha kubeba mengi: ubora, bei, elimu, mshahara. Twapendekeza "kikomo". Kikomo cha fyuzi ni ampea 10: neno lenyewe lamwambia msomaji kwamba hapa ndipo mwisho, wala asipavuke. Ni kweli kwamba fyuzi haikatiki papo hapo umeme unapokipita kikomo kidogo tu. Hukawia kwa kadiri ya ziada yenyewe. Jambo hilo laweza kuelezwa katika sentensi moja, nalo haliharibu jina. Basi sentensi ya ukurasa wa tano ingesomeka: "Ikiwa fyuzi imeungua, weka nyingine yenye kikomo kilekile; tazama namba, usitazame umbo. Ikiungua tena, usiiongezee kikomo, bali tafuta mahali waya unapogusa chuma."

"Ardhi"

Ukurasa wa nane waagiza: "Waya mweusi uunganishwe na ardhi." Katika umeme wa nyumba, neno ardhi ni sahihi, maana huko kipande cha chuma hushindiliwa udongoni kwelikweli. Gari husimama juu ya mpira. Kinachoitwa ardhi katika gari ni bodi na chesisi yake ya chuma, ambayo upande mmoja wa betri umefungwa kwayo ili umeme upate njia ya kurudia. Mafundi husema "ethi", na wengine husema tu "bodi". Sisi twaona "bodi" ndilo neno bora kwa magari, kwa kuwa laonesha mahali pa kuugusisha waya. Tena lamkumbusha fundi kwamba chuma chenye rangi au kutu hakipitishi umeme vema, hivyo hakina budi kukwanguliwa kwanza.

Kosa la pili katika ukurasa huohuo ni kuyatumia "ardhi" na "hasi" kana kwamba ni neno moja. Katika magari ya leo bodi hufungwa upande wa hasi, lakini haikuwa hivyo daima. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1970 yalifungwa bodi upande wa chanya, na yangali yapo yanayotunzwa na wapenzi wa magari ya kale. Bodi ni mahali. Hasi ni upande wa umeme. Kuvichanganya vitu hivi katika kitabu cha mafunzo ni kumfundisha mwanagenzi jambo litakalomgharimu redio ya mtu siku moja.

"Masafa"

Neno la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hapa lawama si za mfasiri peke yake. Kijitabu chasema: "Kama redio inapata stesheni chache tu, huenda masafa yake ni mafupi." Sentensi hii ina maana tatu. Masafa kwa asili yake ya Kiarabu ni umbali wa kutoka hapa hadi pale. Kwa hiyo msomaji wa kwanza ataelewa kwamba redio haifiki mbali, naye atanunua antena ndefu. Wasikilizaji wa redio wa tangu zamani wanajua "masafa mafupi" na "masafa ya kati" kuwa majina ya mawimbi. Msomaji wa pili atadhani redio imewekwa kwenye mawimbi ya kusikilizia stesheni za ng'ambo. Msomaji wa tatu, aliyezoea lugha ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, anajua masafa kuwa ni idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, inayohesabiwa kwa megahezi. Atafahamu kwamba namba za redio haziendi juu vya kutosha.

Maana ya pili na ya tatu zimepishana kinyume. Wimbi la megahezi 1 lina urefu wa mita 300. La megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Kadiri namba ya megahezi inavyopanda, ndivyo urefu wa wimbi unavyopungua. Kwa maana hiyo "masafa mafupi" ya mtangazaji ni "masafa ya juu" ya mhandisi.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Magari mengi yaliyokwisha tumika huja kwetu kutoka Japani. Huko redio za FM zilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kisha mpaka ukasogezwa hadi 95. Kwetu FM huanza 87.5 na kuishia 108. Redio asilia ya gari la namna hiyo hukamata stesheni zilizo katika sehemu ndogo inayopishana tu, kisha hunyamaza. Si mbovu, imefika ugenini. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachopachikwa baina ya antena na redio, ambacho huishusha namba ya kila stesheni kwa kiasi maalumu. Kikishusha kwa megahezi 20, stesheni ya 98 husikika penye 78. Mafundi wanakijua kifaa hiki na hukiuza kila siku, lakini kijitabu hakikukitaja. Bila shaka asili yake iliandikwa kwa ajili ya wasomaji wasiohitaji kifaa hicho. Hapa twaona kwamba tafsiri isiyomjua msomaji wake hupungukiwa na mambo, mbali na kupungukiwa na maneno.

Twapendekeza "masafa" liachiwe maana ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika shughuli rasmi. Urefu wa wimbi uitwe "urefu wa wimbi". Na yale ya zamani yaitwe "mawimbi mafupi" na "mawimbi ya kati". Kifaa kilichotajwa kiitwe "kishusha-masafa".

Lugha ya gereji nayo

Msomaji asije akadhani tunasema kwamba kila neno la gereji ni dhahabu. Gereji nayo ina maneno mapana kupita kiasi. "Shoti" kwa haki ni umeme kupata njia ya mkato, kama ulivyopata katika ukingo wa chuma. Lakini siku hizi kila ubovu wa umeme huitwa shoti, hata waya uliokatika, ambao ni kinyume chake kabisa. "Moto" nalo ni neno zuri kwa umeme uliopo katika waya: "waya una moto", "hakuna moto". Walakini siku ya moshi, dereva yule alimpigia fundi simu akisema, "Fundi, nyuma ya dashibodi kuna moto." Fundi akamjibu, "Vizuri, basi fyuzi ni nzima." Ilibidi dereva apaze sauti ndipo waelewane.

Kwa hiyo kazi ya mwanaistilahi si kuyahamisha maneno ya gereji kitabuni jinsi yalivyo, wala si kuyafukuza. Kazi yake ni kukaa na fundi, kumwuliza ni vitu gani anavyovitofautisha kwa mkono wake, na kuhakikisha kwamba kila kitu kinachotofautishwa na mkono kina jina lake peke yake. Neno laweza kuwa la Kibantu, la Kiarabu au la kukopwa kama fyuzi na bodi. Asili yake ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni kwamba mtu akilisoma asikose njia.

Mapendekezo

Mintarafu ya kijitabu hiki, twaomba wahusika wasikiondoe, bali wakirekebishe. Sehemu ya dalili iandikwe upya kwa kufuata hali tano tulizozitaja. Neno "kelele" lipasuliwe. Maneno waya wa daima, waya wa ufunguo, kikomo cha fyuzi, bodi na kishusha-masafa yajaribiwe, na kama mafundi watayakataa, wao wataje yaliyo bora. Kabla ya chapa ya pili, mswada usomwe kwa sauti katika gereji mbili au tatu mbele ya wanagenzi, na kila mmoja aoneshe kwa kidole kile alichoelewa. Jaribio hili halina gharama, na lafaa kwa kitabu chochote cha ufundi, kiwe cha redio, cha pampu ya maji au cha cherehani.

Kuhusu swali la fundi, tulimjibu kwamba ukubwa wa fyuzi ni urefu na upana wake, na kwamba kitabu kilikusudia kitu kingine. Alitikisa kichwa, akaazima kalamu, akalikata neno "ukubwa" katika ukurasa wa tano na kuandika juu yake "namba". Nalo si neno baya. Wasomaji wenye maoni juu ya "namba" na "kikomo", au juu ya istilahi nyingine zilizojadiliwa hapa, wanakaribishwa kutuandikia.